Kikundi changu cha uandishi kimegeuka mahali pa kurekebishiwa kazi. Nikivunje?

Assalaam aleikum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni mhadhiri wa muda katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa. Nafundisha stadi za mawasiliano, lile somo ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipitia, awe wa uhandisi, wa hoteli au wa biashara. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia mbili. Nikiwapa insha moja tu kwa muhula, meza ya nyumbani hujaa karatasi mpaka mume wangu akala chakula cha usiku mkekani. Wengi wao humaliza mwaka bila mtu yeyote kuyasoma kwa makini yale waliyoyaandika, na hilo linaniuma.

Basi mwaka jana niliwaita wenzangu wachache tunaofundisha somo hili, na wanafunzi waliopenda, tukaanza kukutana Jumamosi mchana katika chumba kimoja cha chuo. Nilitaka wanafunzi wajifunze kuandika, nasi walimu tujifunze kufundisha kuandika. Maana ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyesomea jambo hilo. Mmoja alisomea isimu, mwingine fasihi, mimi nilisomea uanahabari. Kila mtu anafundisha kama alivyofundishwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Chumba kilijaa, tukaleta chai na mahamri, watu wakazungumza mpaka adhana ya alasiri. Sasa mambo yamebadilika. Wanafunzi wanakuja pale tu wanapokuwa na kazi ya kuwasilisha Jumatatu. Mtu ananipa karatasi, anasema, "Mwalimu, nirekebishie tu hapa," nami nashika kalamu nyekundu, namaliza, anashukuru, anaondoka. Hakai kumsikiliza mwenzake. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti kimoja toka saa nane hadi saa kumi na mbili na foleni mlangoni, kama daktari wa hospitali ya serikali.

Walimu wenzangu wamejitoa. Mmoja aliye mkubwa wetu kazini alisema mbele ya watu, katika chumba cha walimu, kwamba hicho ni kikundi cha watoto waliopaswa kubaki kidato cha nne, na kwamba zamani mtu alikuwa haingii chuo ila anajua kuandika. Mwingine alisema atarudi iwapo wahudhuriaji watapewa cheti.

Halafu kuna kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ndiye mwandishi bora kuliko wote. Lakini kila mtu anajua anajilipia karo kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Baadhi ya wenzake wanataka afukuzwe. Wengine, nadhani, wanakuja kwa sababu yake, ili awaonyeshe njia ya kupata kazi hizo.

Tena kuna suala la lugha. Mitihani yote ni Kiingereza. Tukikaa pamoja tunazungumza Kiswahili, kisha mmoja anakumbusha kwamba tumekuja kujifunza Kiingereza, na ghafla chumba kizima kinanyamaza.

Mimi silipwi kwa saa hizo za Jumamosi, na hata za darasani malipo ya muhula uliopita bado nayangoja. Mama yangu ananiambia niache. Mwalimu, nikivunje kikundi hiki, nitoze ada, au nifanyeje?

Mwalimu wa Jumamosi, Kisauni

*

Wa aleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Usikivunje. Ada pia usitoze, maana ukitoza watakudai marekebisho kwa haki kabisa, na hapo ndipo utakuwa umejifunga kweli. Lakini hicho ulicho nacho sasa si kikundi. Umefungua gereji. Gari likiharibika mtu huja, likitengenezwa huenda zake, na hakuna anayekaa gereji kwa ajili ya kufahamiana na wenye magari mengine. Vijana hawana kosa hapo. Walikuona umeshika kalamu nyekundu wakaelewa kuwa hiyo ndiyo huduma inayotolewa.

Ninachokushauri ni kimoja, na mengine yote yatatoka humo: Jumamosi ijayo peleka andiko lako mwenyewe, ulisome mbele yao, uwaache waliseme.

Najua utashtuka. Mwalimu kuchambuliwa na wanafunzi! Lakini fikiri. Katika chumba hicho watu wote wanaandika isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayehukumu. Hakuna mwandishi aliyekua katika hali hiyo. Mwaka 1974 huko Berkeley, California, mwalimu mmoja aitwaye James Gray aliwakusanya walimu wakati wa likizo yao ili wafundishane kufundisha uandishi. Alisimama juu ya mambo mawili. La kwanza, mwalimu hufunzwa vyema na mwalimu mwenzake. La pili, anayefundisha kuandika sharti naye aandike, tena awasomee wenzake. Mradi huo ulianza na walimu wa eneo moja tu, ukaja kuenea Marekani nzima, na mpaka leo nguzo hizo mbili hazijang'olewa. Haukujengwa kwa vyeti.

Upeleke nini? Usipeleke makala ya kitaaluma iliyokamilika, ile ya kuwaonyesha jinsi ulivyo hodari. Peleka kitu ambacho bado kinakusumbua. Umeniambia unadai malipo ya muhula mzima. Basi iandike barua hiyo ya kudai haki yako, iwe rasimu, na uisome. Hakuna darasa litakalowafunza uandishi wa kiofisi kuliko kumsikia mwalimu wao akijiuliza kwa sauti: nianze kwa adabu nyingi au niende moja kwa moja kwenye deni? Nimtaje mkuu wa idara au nisimtaje? Tarehe niziweke wapi? Watakuona unafuta mstari. Wengi wao hawajawahi kumwona mtu mzima akifuta mstari wake mwenyewe, na kwa sababu hiyo wanaamini kuwa anayejua kuandika huandika mara moja tu, na yeye anayefuta ndiye mjinga.

Sasa nikueleze jinsi ya kuendesha kikao chenyewe, maana hapa ndipo vikundi vingi hufa.

Kalamu ziwekwe chini, yako iwe ya kwanza. Watu wanne au watano kwa duara moja, wakizidi mgawanyike. Mwandishi asome kazi yake kwa sauti, polepole, mara mbili. Baada ya hapo anyamaze. Wasikilizaji, mmoja baada ya mwingine, waseme walichokisikia: "Mimi nimesikia unasema hivi." Wasiseme nzuri wala mbaya. Kisha kila mmoja aulize swali moja la kweli, yaani jambo analotaka kulijua na halimo. Mwandishi aandike maswali hayo kwenye daftari lake, asijibu. Akirudi nyumbani ndipo atajibu, kwa kuandika upya. Sarufi na tahajia zitashughulikiwa mwisho kabisa, kazi ikishasimama. Kuipaka rangi nyumba ambayo ukuta wake utabomolewa kesho ni kujichosha.

Nikupe mfano wa aina ya kazi utakayokutana nayo. Msichana ameambiwa aandike kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini tarehe 28 Agosti 2017. Anaanza hivi: "Tangu jadi na jadi mazingira yamekuwa uhai wa mwanadamu, na kama wasemavyo wahenga, usipoziba ufa utajenga ukuta." Aya nzima inakwenda hivyo. Ukiishika kalamu utamkatia methali, utamwandikia pembeni "ongeza ushahidi", naye hatajua aongeze nini. Lakini mweke katika duara. Mmoja atamwambia: "Nimesikia mazingira ni muhimu." Basi, hakuna zaidi. Mwingine atamwuliza: "Kwani kwenu Kongowea wauza mboga walifanya nini siku ile mifuko ilipokatazwa?" Na hapo msichana atafunguka, kwa sababu mama yake anauza mchicha. Ataeleza jinsi wateja walivyozoea kupewa mfuko bure, jinsi walivyokasirika kuambiwa wanunue, jinsi wengine walivyoanza kuja na vikapu vyao kutoka nyumbani, na jinsi muuzaji mwenye mtaji mdogo alivyojikuta akibeba gharama ili asimpoteze mteja. Hiyo ndiyo insha. Alikuwa nayo siku zote, ila hakuna aliyemwuliza.

Usimlaumu kwa ile aya ya kwanza. Ameandika vile alivyofunzwa, na akapata alama kwa kuandika hivyo. Karatasi ya insha ya kidato cha nne inathamini methali, tashbihi na utangulizi wenye madoido, nami si mmoja wa wanaoidharau, kwani imewafanya vijana wetu wapende ladha ya lugha. Lakini chuo kinataka kitu tofauti: dai, sababu ya dai, na ushahidi anaoweza kuufuata mtu mwingine. Hakuna aliyemkalisha kijana akamwambia kuwa mchezo umebadilika. Kazi ya kikundi chako ni kumwambia hilo, tena kwa upole, bila kumtia haya kwa alichokuja nacho.

Nimekwenda mbali kidogo lakini nakuja kwa walimu wenzako.

Huyo mkubwa wenu aliyesema zamani watu walikuwa wakiingia chuo wanajua kuandika, usibishane naye kwa ukali, ana miaka yake kazini na heshima yake. Lakini ujue moyoni kwamba malalamiko hayo ni ya kale sana. Chuo cha Harvard kiliweka mtihani wa kuandika kwa wanaoomba kuingia mwaka 1874, na wakuu wake walifadhaika kwa walichokiona, ingawa wengi wa vijana wale walitoka katika shule bora za nchi yao na Kiingereza kilikuwa lugha ya mama zao. Ndiyo maana mwaka 1885 wakaanzisha somo la uandishi la mwaka wa kwanza, ambalo ni kama babu wa hili unalolifundisha wewe. Kila kizazi cha walimu kimesema vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Kuandika kwa namna ya chuo hakuna anayezaliwa nako wala anayekumaliza shuleni. Hufunzwa chuoni, kwa sababu ni chuoni kunakohitajika.

Walimu wape kikao chao peke yao, mara moja kwa mwezi, pasipo wanafunzi. Kuchanganya shughuli hizo mbili tangu mwanzo ndiko kulikowafukuza, nadhani. Mwalimu hawezi kukiri mbele ya mwanafunzi wake kwamba hajui amfundisheje mtu kujenga hoja. Mbele ya wenzake atakiri, baada ya kikombe cha pili cha kahawa.

Katika kikao hicho kila mtu alete karatasi chache za wanafunzi wake, majina yamefunikwa, na mzisome pamoja. Msizisome ili kutoa alama. Tafuteni mpangilio wa makosa. Kulikuwa na mwalimu New York aliyeitwa Mina Shaughnessy, wa City College. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari katika mji ule, wakaingia maelfu ya vijana kutoka familia maskini na familia za wahamiaji, na walimu wengi wakaona elimu imekwisha. Yeye alikaa na insha zipatazo 4,000 za vijana hao, akazisoma moja baada ya nyingine, na mwaka 1977 akachapisha alichokiona: makosa yao hayakuwa ovyo. Kila kijana alikuwa na kanuni aliyojitungia mwenyewe, yenye mantiki, ila siyo kanuni ya chuo. Ukiijua kanuni yake unaweza kumfundisha. Usipoijua utampigia mstari mwekundu mpaka wino uishe.

Na sisi wa Pwani tuna ya kwetu ya kuchunguza. Angalia vijana wako wanavyoweka dai lao kuu katika aya ya mwisho. Mwalimu asiyewajua atasema hawana hoja. Mimi nasema wamelelewa vyema: hapa kwetu mtu haingii nyumba ya watu akasema shida yake mlangoni. Anasalimu, anauliza hali za wazee na watoto, anapewa maji, ndipo anapoeleza kilichomleta. Kijana anaipeleka adabu hiyo kwenye karatasi. Akielezwa kwamba msomaji wa chuo ni mtu mwenye haraka, anayetaka kujua shida mlangoni, ataelewa mara moja, na wala hatahisi kuwa ametukanwa. Mambo kama haya ndiyo ya walimu kuyakusanya. Mkiyafanya kwa mwaka mmoja mtakuwa na ujuzi juu ya wanafunzi wa Mombasa ambao hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachowapa. Labda hata yule mkubwa wenu atavutika, maana yeye amesoma karatasi za vijana hawa kwa miaka mingi kuliko nyote. Mwombeni mchango wake kama mtu mwenye hazina, na mpeni nafasi ya kuzungumza kwanza.

Aliyetaka cheti mwache. Akija bila cheti, karibu.

Kuhusu lugha, zungumzeni Kiswahili. Nalisema hili bila kusitasita. Watoto wetu wanafikiri kwa Kiswahili, wanabishana kwa Kiswahili, na hoja huzaliwa katika ubishi. Ukiwalazimisha wabishane kwa Kiingereza watanyamaza, kama ulivyoona, na mtu aliyenyamaza hana cha kuandika. Aliyeandika kwa Kiingereza na asome kwa Kiingereza, kisha aeleze kwa Kiswahili alichokusudia. Mara nyingi maelezo hayo yatakuwa bora kuliko karatasi. Mwambie: "Hilo ulilolisema sasa hivi ndilo uliandike." Akikwama namna ya kulisema kwa Kiingereza, hapo ndipo duara zima litamsaidia, na hapo Kiingereza kitafunzwa kikweli kwa sababu kuna kitu cha kukisemea. Na mara mojamoja mwache mtu alete kazi ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Wako wanafunzi wa uandishi wa habari na wa ualimu wataihitaji kazini.

Sasa kijana wa mwaka wa tatu.

Simfukuzi, nawe usimfukuze. Kazi hiyo ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo imewalipia karo na kodi za nyumba vijana wengi wa Kenya, na wengi wao waliingia humo baada ya kukosa kazi nyingine yoyote. Hata hivyo lazima tuseme wazi kuwa ni udanganyifu: mtu mwingine anapata shahada kwa jasho lake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuwa kosa la jinai kuuza au kutangaza kazi za kuwaandikia wanafunzi wa vyuo vya huko. Na soko lenyewe limetikiswa tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, maana aliyekuwa akinunua insha sasa anaandikiwa na mashine bure. Kijana huyo anajua hayo kuliko sisi.

Mwite faragha, usimsemeshe mbele ya wenzake. Mwambie anakaribishwa kwa sharti moja linalomhusu kila mtu: katika duara hauletwi mstari ambao hautabeba jina la aliyeuandika, na hakuna kuulizana wala kupeana kazi za kuuza. Atakayevunja sharti hilo atoke, awe nani. Kisha mpe kazi inayolingana na uwezo wake. Mtu aliyeandika mamia ya kurasa kwa masharti ya walimu asiowajua ana stadi ambazo wenzake hawana: anajua kulisoma swali la mwalimu mpaka akaona linachotaka, anajua kupanga marejeo kwa mtindo wa APA au MLA, anajua kumaliza kwa wakati. Mwambie awafundishe hayo.

Lakini pia mwulize swali hili, nami ningependa alijibu nafsini mwake: katika kurasa zote hizo, ni nani aliyewahi kumjibu? Hapa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji alikuwa akitoa shairi, linavuka bahari mpaka Lamu, na Zahidi Mngumi anamjibu kwa shairi, na watu wa miji yote miwili wanalijua ni la nani na lilimlenga nani. Mshairi alitunga akijua atasomwa na mtu mwenye akili kali atakayemtafutia dosari. Ndiyo maana walitunga vile walivyotunga. Kijana wako anaandika vizuri na hajapata msomaji hata mmoja anayelijua jina lake. Anayesoma kazi yake anadhani imeandikwa na mtu mwingine. Nadhani njaa hiyo ndiyo inayomleta kwako kila Jumamosi, kwa kuwa yeye hana haja ya kurekebishiwa.

Hili linanipeleka kwenye jambo lililonifurahisha kulifikiria nilipoisoma barua yako. Mwisho wa muhula toeni karatasi moja. Moja tu, pande mbili, iliyochapwa kwa kompyuta na kutolewa nakala katika duka la fotokopi, yenye maandiko mafupi ya wanaduara na majina yao, na moja la mwalimu. Ibandikeni chuoni, muigawe. Mji huu una historia ya kitu kidogo cha namna hiyo kufanya kazi kubwa: mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza hapa Mombasa kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, na mwaka 1932 akaifuatisha na gazeti la Al-Islah. Watu walisoma, wakabishana barazani. Mwanafunzi akijua kuwa mwezi ujao mama yake na jirani zake watasoma alichoandika juu ya soko la Kongowea, hutahitaji kumwambia aandike upya. Ataandika upya mara tano bila kusukumwa.

Mashine zile za kuandika, kama ChatGPT, hutaweza kuzikataza, usipoteze nguvu. Katika duara mwandishi anaulizwa maswali ana kwa ana, na aliyeandikiwa na mashine hujulikana kwa swali la pili.

Imebaki wewe na nafsi yako. Mama yako anakuonea huruma na ana haki. Huwezi kubeba kikundi peke yako hali hulipwi, na mkataba wako ni wa muda. Ukiisha leo, kikundi kinakufa na wewe. Kwa hiyo tangu sasa kila kikao kiwe na mwenyekiti wake, kwa zamu, mwanafunzi au mwalimu. Mwenye zamu ndiye anayefungua chumba, anayepanga nani asome, anayetazama saa. Wewe zamu yako ikifika utakuwa mwenyekiti kama wengine. Wekeni daftari moja la kikundi: tarehe, nani alisoma, alisoma nini, aliulizwa nini. Mwanafunzi mgeni akilifungua atajua desturi bila kufundishwa. Chai ichangwe kwa kilichoko mfukoni, na mweka hazina asiwe wewe. Chuo kikiwanyima chumba, ombeni meza katika maktaba ya umma, au mkae Bustani ya Uhuru chini ya miti. Duara la watu watano halihitaji projekta.

Na wale wa foleni? Watakuja Jumamosi hii na karatasi zao kama kawaida. Uwaambie kwa tabasamu kwamba sasa anayetaka kazi yake isomwe husikiliza kwanza kazi za wengine wawili. Wengine watageuka mlangoni. Waache waende, bila kinyongo. Mtabaki wachache, labda wanane, labda sita. Usiogope. Hao wanatosha kuanza, na hao ndio watakaowavuta wengine.

Jambo la mwisho ni la saa. Kuanzia saa nane mchana Jumamosi kunawaumiza wanaofanya vibarua na wanaovuka Likoni, ambao kivuko kikichelewa hufika wakati mnafunga. Jaribuni asubuhi, saa tatu hadi saa tano, msipitishe. Ramadhani ikifika baki na saa hizo hizo za asubuhi, kwa sababu jioni ni za futari na tarawehe na hakuna atakayekuja. Wiki ya mitihani msikutane kabisa, na muitangaze mapema ili asije mtu akakuta mlango umefungwa.